Mwanga wa asubuhi na homoni ya msongo: maswali ninayoulizwa kila mara Nakuru na Kisumu

Mimi ni muuguzi. Kazi yangu iko Nakuru, na dada yangu anakaa Kisumu, kwa hivyo barabara ile naijua vizuri. Kwenye kliniki ya presha, kwenye chama, hata ndani ya matatu watu wakishajua kwamba mimi ni nesi, maswali haya hayakosi. Nimeyapanga hapa kuanzia yale ya kawaida hadi yale ya watu wenye hali za pekee. Saa zote ni za Kiswahili.

## Mambo ya msingi

1. Hiyo homoni ya msongo ni kitu gani hasa?

Inaitwa kortisoli. Hutengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia. Amri hutoka kwenye ubongo: sehemu iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo pituitari hutuma ujumbe kwa njia ya damu hadi kwenye tezi za juu ya figo.

Jina "homoni ya msongo" limeiharibia sifa. Ni kweli hupanda ukishtuka, ukigombana, ukifikiria karo. Lakini kazi yake ya kila siku ni kupandisha sukari ya damu ili ubongo na misuli vipate nguvu, kuishikilia presha isianguke, na kutuliza uvimbe mwilini. Mtu ambaye tezi zake zimeacha kuitengeneza hukonda, huishiwa nguvu, presha hushuka, na asipotibiwa hufa. Kwa hivyo anayekuuzia unga wa "kusafisha kortisoli mwilini" anakuuzia kitu usichokihitaji. Hifadhi pesa zako.

2. Hupanda na kushuka saa ngapi?

Kwa mtu anayelala usiku, huwa chini kabisa karibu saa sita usiku. Kuanzia saa nane au saa tisa usiku huanza kupanda polepole ukiwa bado umelala. Ukiamka hupanda tena kwa kasi, kwa wengi karibu nusu nyingine juu ya pale ilipokuwa, na kufika kilele dakika 30 hadi 45 baada ya kufungua macho. Kutoka hapo huteremka siku nzima, ingawa si kwa mstari ulionyooka. Hutoka kwa mapigo, pigo moja kwa kila saa moja na ushee.

Fikiria safari ya kutoka Mau Summit hadi Kisumu. Unaanzia juu kwenye baridi, unateremka, kuna vilima njiani, lakini mwishowe unafika ziwani. Siku yenye afya ina umbo hilo.

3. Basi mwanga wa asubuhi unaipunguza, sivyo?

Hapana. Hapa ndipo video nyingi za mtandaoni zinapowapoteza watu. Mwanga mkali unaokupata mara tu baada ya kuamka kwa kawaida huipandisha.

Mwaka 1999 Frank Scheer na Ruud Buijs, watafiti wa Uholanzi, waliwaweka watu kwenye mwanga wa laksi 800 kwa saa moja baada ya kuamka (laksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), kisha wakapima kortisoli kwenye mate yao. Ilikuwa juu kwa takriban asilimia 35 kuliko siku walipokaa gizani. Mwaka 2001 Rachel Leproult na wenzake wakatumia mwanga mkali zaidi na kuona ongezeko la zaidi ya asilimia 50 alfajiri, ilhali mwanga huohuo alasiri haukubadilisha kitu. Kisha mwaka 2010 utafiti mwingine uliofanyika Marekani ukaleta jibu la kinyume: laksi 10,000 kwa karibu saa saba mfululizo ziliishusha kortisoli. Mimi sioni kama tafiti hizi zinafutana. Saa moja ya mwanga baada ya usingizi wa usiku ni jambo moja, na saa saba chini ya taa kali ndani ya maabara ni jambo lingine.

Sasa utaniuliza, kwa nini nitake homoni ya msongo ipande? Kwa sababu kupanda huko kwa asubuhi ndiko kunakukung'uta usingizi. Halafu, na hili kwangu ndilo kubwa zaidi, mwanga wa asubuhi huweka sawa saa ya mwili, ili melatonini, homoni ya usiku, ije mapema jioni na kortisoli iwe imeshuka ukifika kitandani. Watu waliolemewa na dhiki kwa muda mrefu mara nyingi huonyesha mteremko uliolala: asubuhi haipandi vizuri, usiku haishuki vizuri. Huamka wamechoka na hulala macho makavu. Mwanga wa asubuhi unaweza kusaidia kurudisha kilima hicho cha asubuhi mahali pake.

4. Mwanga unafikaje kwenye tezi zilizo karibu na figo?

Unapita machoni, haupiti kwenye ngozi. Nyuma ya jicho, kwenye retina, kuna seli chache ambazo kazi yake hasa ni kumwambia ubongo kama ni usiku au mchana. Zina kemikali iitwayo melanopsini, nayo husisimka zaidi na rangi ya buluu, ile ya anga la asubuhi. Ziligunduliwa juzijuzi tu, miaka ya kuelekea na kufuatia 2000.

Seli hizo hutuma habari kwenye kifundo cha seli kama 20,000 kilicho ndani ya ubongo, juu ya pale mishipa ya macho inapopishana. Hicho ndicho saa kuu ya mwili. Kutoka hapo amri huenda kwa njia mbili: ile ya homoni niliyoieleza kwenye swali la 1, na ile ya neva zinazoshuka moja kwa moja hadi kwenye tezi zenyewe na kuzifanya ziitike haraka zaidi.

## Jua letu la hapa

5. Nitoke nje saa ngapi?

Ndani ya saa moja tangu uamke, ikiwa jua limeshachomoza.

Sisi tumebarikiwa. Nakuru na Kisumu ziko karibu kabisa na ikweta, na mchana wetu ni saa 12 na dakika chache mwaka mzima. Jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika 20 na saa kumi na mbili na dakika 50 hivi. Huwahi zaidi mwanzoni mwa Novemba na huchelewa zaidi katikati ya Februari. London mwishoni mwa Disemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi, na ushauri mwingi unaousoma, pamoja na zile taa za bei ghali za kuweka mezani, umeandikwa kwa ajili ya watu wa huko. Wewe unahitaji mlango tu.

6. Dakika ngapi zinatosha?

Dozi rasmi haipo. Ninachowaambia watu ni dakika 10 hadi 20 kukiwa na jua, na nusu saa kukiwa na mawingu. Si lazima ukae tu. Fagia uwanja, lisha kuku, tembea hadi stendi, osha vyombo ukiwa nje.

Asubuhi moja ya Mei niliweka simu yenye programu ya kupima mwanga mezani jikoni kwangu, taa ya stima ikiwa inawaka. Laksi 90. Nikafungua pazia, ikawa 160. Nikatoka na kikombe changu cha chai hadi penye kamba ya nguo, saa moja na robo, mawingu yamefunika Menengai hata huoni mlima uko wapi, na baridi ile inayoingia kwenye vidole. Simu ikasoma 3,200. Simu si chombo cha maabara, lakini kwa macho yangu kule jikoni na kule nje kulikuwa na mwanga unaolingana. Jicho huzoea, na ndiyo maana hatujui jinsi nyumba zetu zilivyo na giza.

7. Na msimu wa mvua, au Julai Nakuru inapokuwa na baridi na ukungu?

Toka vivyo hivyo. Anga lililofunikwa kabisa bado hukupa mwanga mara nyingi zaidi ya balbu. Wachumaji chai wa Kericho huanza kazi ndani ya ukungu na bado wanapata mwanga mwingi kuliko karani aliyekaa chini ya taa ofisini. Kukinyesha, simama barazani.

8. Nikikaa dirishani, au kiti cha dirishani kwenye matatu?

Ni afadhali kuliko kukaa ndani kabisa, lakini mwanga hupungua haraka kila hatua unayorudi nyuma kutoka dirishani. Kwenye matatu yenye vioo vyeusi hupungua zaidi. Ukiweza, shuka stendi moja kabla ya kazini na utembee sehemu iliyobaki.

9. Niliangalie jua lenyewe?

Usilitazame kamwe, hata likiwa jekundu na limelala chini juu ya ziwa. Kulikodolea macho jua huunguza retina, na kidonda hicho hakiumi, kwa hivyo hutajua hadi uone doa katikati ya kila kitu. Mwanga unaohitajika ni ule wa anga lote. Miwani ya kusomea vaa, kofia vaa. Ile ya jua iache mfukoni kwa dakika hizo chache, isipokuwa unaihitaji kwa sababu za kiafya (tazama swali la 17).

10. Mtoto mchanga tunamtoa aote jua asubuhi. Ni jambo hilohilo?

Ni jambo jingine, ingawa yote mawili hufanyika uani. Kuota jua ni kwa ajili ya vitamini D, ili mifupa isipinde, na vitamini D hutengenezwa kwenye ngozi na miale ambayo ni michache sana jua likiwa chini. Saa ya mwili hufuata macho na haihitaji miale hiyo.

Mtoto mchanga hazaliwi na mzunguko wa kortisoli wa watu wazima. Hujengeka taratibu katika miezi ya kwanza, na mchana wenye mwanga na usiku wenye giza humsaidia. Usimtazamishe jua. Na tafadhali sana, mama: mtoto akiwa na macho au ngozi ya manjano, usimwanike juani ukisubiri ipungue. Mlete hospitali siku hiyohiyo.

11. Chai ninywe kabla au baada? Nimesikia nisubiri dakika 90.

Kafeini huipandisha kortisoli kidogo, zaidi kwa mtu asiyezoea. Anayekunywa kila siku mwili wake huitikia kidogo sana. Kanuni ya dakika 90 haina msingi imara. Kunywa chai yako, lakini inywee nje.

## Wanaoamka gizani na wanaolala mchana

12. Mtoto wangu huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Kortisoli yake inaharibika?

Kule kupanda kwa kortisoli ukiamka kutatokea hata gizani, kwa sababu kunaanzishwa na kuamka kwenyewe. Kinachokosekana ni mwanga wa kukuthibitisha, na zaidi ya hapo, usingizi. Kijana wa sekondari saa yake ya mwili kwa asili huchelewa. Kumwamsha saa kumi ni kumwamsha katikati ya usiku wake, na hili linaniuma kwa sababu nawaona wakisinzia kwenye matatu na begi miguuni.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinaweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Mzazi anayo haki ya kuitaja kanuni hiyo kwenye mkutano wa wazazi. Wakati huohuo, punguza taa na simu usiku, alale mapema, na mapumziko ya asubuhi ayatumie uwanjani badala ya darasani.

13. Mimi ni soja, au nesi, au nafanya shifti ya usiku kwenye maua Naivasha. Jua la asubuhi linanifaa?

Inategemea unalala lini na ni usiku mingapi.

Kama ni usiku wa kudumu, wiki baada ya wiki, jua la asubuhi njiani kuelekea nyumbani linakupinga. Linamwambia ubongo siku imeanza na linavuta saa yako kuelekea mchana, wakati wewe unataka kulala. Nilifanya shifti za usiku miaka kadhaa. Nilikuwa natoka saa moja na nusu, jua usoni njia nzima, nafika nyumbani nikiwa nimechoka hadi mifupa na macho yamekataa kufumba. Kilichonisaidia ni miwani nyeusi tangu getini, kofia yenye ukingo, na blanketi zito lililopigiliwa misumari juu ya dirisha la chumba. Mwanga wako utafute ukiamka alasiri. Kama unaendesha pikipiki, au macho yanafumba yenyewe barabarani, usivae miwani nyeusi: kufika salama kunatangulia.

Kama ni usiku mbili tatu tu kisha unarudi mchana, usijaribu kugeuza saa ya mwili. Lala unapoweza, na siku ya kwanza ya mapumziko rudi kwenye mwanga wa asubuhi.

14. Sisi wavuvi wa omena tunakesha ziwani na taa. Je?

Kazi yenu ina ugumu wa pekee. Omena huvutwa na taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikijaa mnapumzika, kwa hivyo kila mwezi mwili unageuzwa kwenda na kurudi. Taa nyeupe zikiwa karibu na uso huzuia melatonini na kuichelewesha saa ya mwili. Ziinamisheni ziangalie maji, zisiangalie macho. Usiku wa kukesha fuateni swali la 13. Siku za mbalamwezi rudini kwenye jua la asubuhi tangu siku ya kwanza, msisubiri usingizi urudi wenyewe.

15. Ramadhani naamka kula daku. Nifanyeje?

Daku lile kwenye mwanga hafifu. Ukiswali Alfajiri na kurudi kulala kidogo, sawa, lakini usilale hadi adhuhuri. Toka saa moja au saa mbili upate mwanga. Jambo hili halitaki chakula wala maji, kwa hivyo saumu hailizuii.

## Magonjwa, dawa na hali za pekee

16. Uso wangu umevimba. Ni kortisoli? Nikapime?

Kortisoli ikizidi kwa ugonjwa, dalili huja pamoja: uso wa mviringo kama mwezi, tumbo kubwa na mikono miembamba, michirizi ya zambarau kwenye ngozi, misuli ya mapaja kulegea hata kuinuka kitini ni kazi, presha na sukari kupanda. Ugonjwa wenyewe ni nadra. Uso uliovimba asubuhi pekee una sababu nyingi nyingine, na ya figo ndiyo ningeiangalia kwanza.

Kipimo cha damu kwa kawaida hutolewa karibu saa mbili asubuhi, kwa sababu ya kile kilima cha swali la 2: namba ambayo ni ya kawaida asubuhi ingekuwa ya kutisha usiku. Majibu yasiyo na saa iliyoandikwa hayasomeki.

Kuna watu wawili ninaotaka waje kliniki bila kusubiri. Wa kwanza ni anayetumia prednisoloni, dawa inayofanya kazi kama kortisoli, kwa muda mrefu, kwa pumu au baridi yabisi. Humezwa asubuhi ili kufuata mzunguko wa mwili, na kuiacha ghafla ni hatari, kwa kuwa tezi zako zimelala. Wa pili ni anayejipaka krimu za kung'arisha ngozi. Nyingi zina klobetasoli, dawa kali ya jamii hiyohiyo. Hupenya ngozi na kuingia damuni, ubongo ukaona kortisoli inatosha, tezi zikaacha kazi. Jua la asubuhi haliziamshi. Njoo na kopo la krimu yenyewe, hatutakugombeza.

17. Nina ualbino. Ushauri huu unanihusu?

Ndiyo, lakini kwa masharti yako. Macho yako hupokea mwanga mwingi kuliko yangu, kwa hivyo kivuli cha baraza asubuhi kinakutosha. Kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua na miwani yako usiviache. Hayohayo namwambia mwenye ugonjwa wa lupasi, na anayemeza doksisaiklini, ambayo hufanya ngozi iungue haraka.

18. Natibiwa ugonjwa wa baipola. Nikae juani asubuhi?

Matembezi ya kawaida ni sawa. Usianze kujipa mwanga mkali wa muda mrefu, hasa wa taa maalumu, kabla ya kuzungumza na daktari wako, kwa sababu mwanga mwingi unaweza kumsukuma mtu kwenye kipindi cha msisimko. Ukiona usingizi unapungua na huchoki, rudi kliniki.

19. Mimi ni kipofu. Mwanga wa asubuhi una kazi kwangu?

Wengine ndiyo. Kuna watu wasioona kitu ambao zile seli za swali la 4 bado ziko hai, na mwanga unaendelea kuwapangia saa bila wao kuuona. Kwao ushauri wote ulio juu unafaa.

Aliyepoteza macho yenyewe, au ambaye seli hizo zimekufa, saa ya mwili wake hutembea peke yake, kwa kawaida kwa mzunguko unaozidi saa 24 kidogo. Kilima cha kortisoli husogea kila siku, hadi kinaangukia usiku, kisha kinazunguka na kurudi. Dalili yake ni wiki kadhaa za usingizi mzuri zikifuatwa na wiki kadhaa za kukesha usiku na kusinzia mchana, tena na tena. Mwombe mtu wa nyumbani aandike saa ulizolala na ulizoamka kwa miezi miwili, uje na daftari hilo kliniki. Melatonini kidogo ya saa ileile kila jioni, ikiandikwa na daktari, huweza kuisimamisha saa hiyo mahali pamoja.